Tepe Zilizotazama Juu

Kazi yangu imenifundisha kutoamini sura za watu. Nina duka la steshenari hapa mjini, mtaa wa Makanyagio: natoa kopi, nalaminisha vyeti, napiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cha bluu nilichokitundika ukutani. Kila siku naletewa karatasi ambayo mwenyewe anajua haiko sawa, nami najua, naye anajua kwamba najua. Mwaka wa kuzaliwa umekwanguliwa kwa wembe. Muhuri umechorwa kwa kalamu. "Dada, hapo kwenye mwaka ifanye iwe nyeusi kidogo," ananiambia huku anatazama barabarani. Naitoa nyeupe kabisa, kila kitu kinaonekana. Watu wanasema nina roho mbaya. Wanasema pia nasimama kaunta kwa kuringa, mguu mmoja mbele, kidole gumba kwenye mkanda, kidevu kimeinuka upande, utadhani hata barabara ni yangu. Yote nayasikia na siyajibu, maana ukijibu kila neno la mteja hufanyi biashara.

Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilipoanza kumshuku baba yangu mwenyewe sikuwa natafuta ugomvi. Ni macho tu, yamezoea.

Baba sikumwona. Alikwenda vita vya Kagera akiwa koplo, mimi nikiwa tumboni, na hakurudi. Walimzika huko huko, upande wa pili wa nchi. Nyumbani kwetu Mwamkulu hakuna kaburi lake. Kitu pekee cha baba nilichokijua ni picha moja ndogo, nyeusi na nyeupe, ambayo mama aliifunga kwenye kitambaa na kuilaza chini kabisa ya sanduku la bati. Niliiona mara ya kwanza nilipokuwa nimeanza shule, siku mama alipopakua sanduku ili aanike nguo. Nikauliza, "Huyu ndiye baba?" Mama akasema ndiye. Kisha akainyakua akairudisha ndani.

Tangu hapo nilikuwa naiomba kama watoto wengine wanavyoomba sukari. Akiwa na moyo mzuri alinipa niishike kidogo, mlango ukiwa umefungwa. "Usiitembeze," alisema kila mara, na mimi sikuitembeza. Lakini niliijua yote kwa moyo. Mtu mrefu, mwembamba, bereti kichwani, tepe mkononi, kitambaa shingoni, amesimama kama mwenye mji. Shuleni mwenzangu akinitania kwamba sina baba, nilifumba macho nikamtazama yule mtu, na moyo ukatulia. Nilimpenda. Nilimpenda kuliko watu wengi waliokuwa hai na waliokuwa wakinilisha.

Sasa, mwaka huu ukoo wetu uliamua kujengea kaburi la babu kule Mwamkulu. Mambo yote yalijadiliwa kwenye kundi la ukoo la simu, ambalo siku nyingi lina kazi ya kutakiana asubuhi njema na kutumiana maua. Wakakubaliana kwamba pembeni ya kaburi la babu tuwawekee mawe wale waliozikwa mbali, na kila jiwe liwe na picha ya marehemu kwenye kigae. Fundi wa vigae yupo mjini. Unampa picha, anaichapa, haifutiki kwa mvua wala jua. Mimi ni mtoto wa pekee wa baba yangu. Wazee waliomfahamu wameshatangulia wote, amebaki mama. Kwa hiyo jiwe la baba lilikuwa juu yangu, na nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza ningekuwa na mahali pa kumkuta.

Nikaenda kwa mama kuomba picha.

"Andika jina tu," akasema. "Jina linatosha."

Hapo ndipo kengele ya kwanza ilipolia kichwani mwangu. Mama yangu huyu, kwenye harusi za watu anapita mbele ya wapiga picha mpaka anafukuzwa. Leo picha haina maana?

"Mama, wenzangu wote wanaweka picha."

"Wenzako ni wenzako."

Nilimsumbua mpaka akachoka. Alinipa ile picha kama mtu anayetoa jino. "Kata uso tu," akasema. "Hayo mengine usimwonyeshe mtu."

Kengele ya pili. Nikaiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya pochi, nikapanda bodaboda kurudi dukani, na njia nzima nilikuwa nawaza: hayo mengine ni yapi?

Picha ndogo uliyoipenda utotoni ni hatari kuiweka kwenye skana. Niliitanua mpaka ikajaa kwenye kioo cha kompyuta, kwa nia njema kabisa, nisafishe madoa kabla ya kuituma kwa fundi. Nikaanza kuona vitu. Upande wa kulia ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na si mkasi wa mpiga picha, maana mkato ulikuwa unayumba. Pale ukingoni pamebaki goti la mtu aliyekaa chini, goti lililofunikwa khanga. Nyuma ya baba, masufuria makubwa juu ya moto, nje. Mikono ya shati ilikuwa mifupi, viganja na sehemu ya mkono vimetoka, mtu amevaa shati la mdogo wake. Na miguuni, ambako sikuwahi kuangalia vizuri, alikuwa amevaa makatambuga, vile viatu vya tairi la gari.

Nikakata uso na mabega, nikamtumia fundi kama alivyotaka. Lakini ile picha nzima sikuifunga. Wateja waliingia wakatoka, na mimi nilikuwa namtazama baba kama ninavyomtazama mtu aliyeleta cheti.

Mtaa wa Shanwe kuna mzee mmoja mstaafu wa jeshi anayeuza mbao. Vita vile alipigana, na ukitaka asikusimulie inabidi uondoke kwa kukimbia. Nikachapa picha kwa ukubwa wa karatasi nzima, nikaiviringisha, nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umefuata mbao?"

"Nimefuata macho yako." Nikamkunjulia karatasi juu ya mbao. "Nataka unisomee hizi sare. Ni baba yangu, alifia Kagera."

Akavaa miwani. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa heshima, kisha ukabadilika, na kubadilika kwenyewe nilikufahamu, ni uso ninaouvaa mimi dukani.

"Alikuwa na cheo gani?"

"Koplo."

"Koplo ana tepe mbili. Hapa naona tatu. Tatu ni sajenti." Akaweka kidole juu ya mkono wa baba. "Na zimegeuzwa. Tepe zetu ncha inatazama chini, kwenye kiwiko. Hizi zinatazama juu. Kuruta wa juzi tu hawezi kufanya hivi, atakimbizwa uwanja mzima na bunduki kichwani."

"Labda walipiga picha haraka."

"Haraka ya nini? Bereti je? Beji inakaa juu ya jicho la kushoto. Hii imekwenda nyuma ya sikio. Na hiki kitambaa cha shingoni," akainama zaidi, "si unaona pete ya kukibania? Hiki ni cha skauti. Skauti wa shule ya msingi! Halafu hapa kifuani, hii beji ya duara yenye mwenge, hii walikuwa wanavaa vijana wa gwaride, wale waliokuwa wanapangwa uwanjani siku za sikukuu. Mkanda ni wa mgambo. Huu huu tulikuwa tunawagawia vijijini." Akafika miguuni, akatoa miwani. "Na makatambuga."

Mzee akakunja karatasi taratibu, kwa adabu iliyoniuma kuliko maneno.

"Mama, nisikudanganye. Mtu mmoja hawezi kuwa skauti, kijana wa gwaride, mgambo na sajenti siku moja. Huyu si askari. Huyu amejivika."

"Amejivika vipi?"

"Walikuwepo. Wakati wa vita kila msichana anataka askari. Mtu anaokota hiki, anaazima kile, anakwenda kupiga picha. Akikamatwa, cha moto anakiona."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikasema asante, maana alikuwa ameniambia kile ambacho macho yangu yalikuwa yameshaniambia, na hilo ndilo lililonikasirisha.

Nilirudi dukani nikageuza kibao cha mlangoni kikasoma pamefungwa. Nikairudisha picha kwenye kioo, nikaikuza ile mikono. Tepe mbili za chini zilikuwa na mshono safi, nyuzi zimelala. Ya tatu, ya juu, ilikuwa nyeupe zaidi, nene, na pembeni nyuzi zimechomoza, kitambaa kilichochanwa kwa mkono na kubandikwa kwa pini. Pini yenyewe niliiona. Tepe ya kughushi. Mimi ambaye sijawahi kumhurumia mtu mwenye muhuri wa kalamu, kumbe nimelelewa na picha ya tapeli.

Mawazo ya mtu anayeshuku hayana breki. Nikasema: basi baba hakuwa askari. Kama hakuwa askari, hakufia vitani. Kama hakufia vitani, yuko wapi? Nikamwona amekaa kwenye baraza fulani ng'ambo ya mkoa, mzee wa umri wa kufa, ana wake na wajukuu, anawasimulia uongo mwingine. Nikakumbuka namna mama alivyokuwa akikwepa kila mara nilipouliza alikufaje. Nilidhani ni uchungu. Sasa nikaona ni mtu anayeogopa kujikanganya.

Halafu nikaona masikio.

Kwenye picha za pasipoti masikio lazima yaonekane, kwa hiyo katika maisha yangu nimetazama masikio mengi kuliko daktari. Yangu mimi yana ndewe zinazoning'inia, ndefu, hereni zikikaa zinacheza. Za mama zimeshikana na shavu. Tangu nilipoanza kujitazama kwenye kioo nilijiambia kwamba masikio nimeyatoa kwa baba, na nilijivunia, maana ndicho kitu pekee nilichodhani nimerithi. Sasa nikalikuza sikio la yule mtu. Ndewe yake ilikuwa imeshikana na shavu, imebana kabisa.

Sikuhitaji mzee wa mbao anisaidie hapo. Yule mtu hakuwa tapeli aliyekuwa baba yangu. Hakuwa baba yangu.

Basi kila kitu kikajipanga, na kikajipanga vibaya. Picha ya mwanaume, imefungwa kwenye kitambaa, chini ya sanduku. Usiitembeze. Mlango ufungwe. Ukingo umekatwa kwa mkasi, na kwenye ukingo kuna goti la mwanamke. Mama yangu, mjane anayeheshimiwa Mwamkulu nzima, aliyekataa kuolewa tena mpaka watu wakamsifu kanisani, alikuwa na mtu wake. Na mtu wake ndiye aliyenipa nimwite baba, kwa sababu nilimkuta na picha na alihitaji kusema kitu haraka.

Simu ikalia. Alikuwa fundi wa vigae. "Dada, kazi yako tayari. Ametoka vizuri sana, utafikiri anataka kuongea."

Nilikwenda nikakichukua kigae. Kweli alitoka vizuri. Uso ulikuwa unang'aa, mweusi kwenye mweupe, ule uso niliofumba macho nikautazama shuleni, na nikauchukia. Nikakifunga kwenye khanga, nikampigia kijana wa bodaboda ninayemwamini kidogo, nikakaa nyuma nimekipakata hadi Mwamkulu.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Makapi yalikuwa yamemjaa kwenye nywele na mabegani. Sikumwamkia. Sijawahi kufanya hivyo maishani, na yeye aliliona hilo kabla ya kuona kigae. Nikafungua khanga nikakilaza kwenye mkeka mbele ya ungo.

"Huyu ni nani?"

"Umeanza."

"Sijaanza, nataka kumaliza. Huyu ni nani? Usiniambie baba. Tepe ni za uongo, beji ni za kuokota, na masikio yake si yangu."

Mama akatazama kigae. Akafuta makapi yaliyoanguka juu yake kwa ncha ya kidole, akaanzia kwenye paji la uso.

"Ametoka mkubwa," akasema.

"Mama! Huyu alikuwa bwana wako?"

Nilitegemea kofi, na nilikuwa nimekaza shavu. Mama akaweka ungo chini. Akanitazama, akatazama kigae, akanitazama tena. Kisha akacheka. Si kile kicheko chake cha kanisani. Alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, fizi zote nje, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na ghafla akakiziba kwa kiganja kama mtu aliyevunja chombo ugenini.

"Bwana wangu!" akasema kwenye kiganja. "Yule! Yule mtani!"

"Mtani gani?"

"Mtani wetu wa msibani, mwanangu. Kaa chini. Kaa, unaniziba jua."

Nikakaa. Kabila la watani wetu sitalitaja hapa, maana wakijua nimewaandika watakuja kudai kuku. Ila mtu yeyote aliyezikia huku kwetu anawajua kazi yao. Wao ndio wanaoruhusiwa kufanya fujo kwenye msiba. Wanaficha jembe la kaburi, wanagombana na wapishi, na mmoja wao anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, anavyotembea, anavyoongea, anavyokohoa, mpaka watu walioinama wainue vichwa. Mimi mwenyewe nimeshawaona mara nyingi, nimeshacheka. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba baba yangu naye alifanyiwa msiba wa kawaida.

"Jeshi lilileta begi," mama akasema. "Mwili hapana. Begi tu, wakasema poleni, wakaondoka. Sisi tulilia begi. Mimi hata kulia nilikuwa sijalia. Nilikuwa nimekaa tu. Chakula sikili, maji sinywi, na wewe uko tumboni huko mkubwa. Bibi yako aliogopa. Alisema huyu atakwenda na mtoto."

"Ndipo watani wakaja."

"Wakaja. Huyu," akagonga kigae kwa kucha, "alikuwa rika moja na baba yako, walitukanana tangu walipokuwa wachunga ng'ombe. Akasema nipeni begi lake. Akasema na humo ndani nipeni kila kitu chake, hata cha shule. Mimi nikadhani anataka kurithi. Bibi yako akamtolea. Kile kitambaa cha skauti baba yako alikipata shuleni hapa hapa, alikuwa anakipenda, hakuacha mtu akishike. Beji ya mwenge alipewa alipochaguliwa gwaride. Mkanda ni wa mgambo, alijifunzia hapo uwanjani kabla ya kuchukuliwa jeshi. Na shati na bereti na zile tepe mbili za kuvalisha mkononi, hizo zilitoka kwenye begi. Yule mshenzi akavaa vyote. Vyote mara moja."

Nikamkumbuka mzee wa Shanwe na kidole chake. Mtu mmoja hawezi kuwa hivyo vyote siku moja. Alisema kweli. Zilikuwa sare za mtu mmoja, ila zilikuwa za miaka yake yote, tangu mtoto wa shule hadi koplo.

"Tepe alizigeuza makusudi?"

"Kila kitu makusudi. Bereti nyuma kama mlevi. Akaja anatembea kama baba yako. Baba yako mguu wake uliwahi kukanyagwa na ng'ombe, alikuwa akisimama anautanguliza mbele kuupumzisha. Akapita katikati ya waombolezaji, akaja mpaka kwangu, akapiga saluti ya mkono wa kushoto. Akasema, kwa sauti ya baba yako kabisa, nikageuka, naapa niligeuka: 'Mke wangu, nimefika kambini nimeambiwa nimekufa. Nikawaambia haiwezekani, mke wangu hajaniruhusu.'"

Kuku walikuwa wameshaanza kuuzunguka ungo, na mama hakuwafukuza.

"Hakuishia hapo. Akasema, 'Wakaniambia umekufa kweli, tena umekufa vizuri, kwa hiyo tunakuongeza tepe.' Akanionyesha ya tatu. Alikuwa amechana shuka la bibi yako. Kifo kimempandisha cheo! Nikacheka. Nilicheka, mwanangu, nikamwangukia miguuni, nikacheka mpaka kikageuka kilio, na hapo ndipo nilipolia. Nililia hadi jioni. Halafu nikaomba uji."

Binamu wa baba aliyekuwa akifanya kazi reli alikuwa na kamera, na ndiye aliyepiga picha wakati ule ule, mama akiwa chini anacheka. Alipoileta baadaye, mama alijiona: mjane, mimba imemjaa, msibani kwa mumewe, mdomo wazi kama yuko harusini. Akafikiria wakwe na mawifi watakavyoisoma. Akachukua mkasi akajikata, kile kipande akakitia jikoni. Goti tu ndilo alilosahau.

"Basi ungeitia jikoni yote," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ningewezaje? Uso si wake, nimekubali. Lakini nguo ni zake. Na kusimama ni kwake, yule mtu alimpatia mpaka inaumiza. Mimi nilikuwa sina kingine cha kumtazama."

"Na mimi je? Kwa nini uliniambia ndiye?"

"Ulikuwa umeshika picha na macho yako hayo. Ningesema nini? Huyu ni mtani? Nikasema nitakuambia ukikua." Akavuta ungo. "Ukakua, ukawa mkali."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu kwa lile neno nililomtamkia, lakini chini ya hayo yote nilikuwa na huzuni ya mtoto mdogo. Yule mtu wa shuleni, niliyekuwa nikimwita kwa kufumba macho, hakunijua hata kidogo. Alihamia ziwani baada ya msiba, mama alisema, akafia huko. Na baba yangu sikuwa na sura yake tena. Saa chache nyuma nilidhani nina baba tapeli. Sasa nilikuwa na baba wa kweli asiye na uso, na nilihisi nimefiwa siku hiyo hiyo.

"Alisimamaje?" nikauliza. "Nionyeshe. Siiamini picha."

Mama aliguna, akajishika magoti, akainuka. Akakung'uta makapi. Kisha mama yangu, na uzee wake wote, pale uani, akatanguliza mguu mmoja mbele, uzito wote akaurudisha nyuma, akaingiza kidole gumba kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, akainua kidevu upande mmoja na kulitazama shamba la jirani kama lake.

Nilijua namna hiyo ya kusimama. Naikuta kila siku kwenye kioo cha mlango wa duka.

"Si ndivyo unavyosimama dukani kwako?" mama akasema. "Watu wote wanalalamika."

"Nimeiga kwenye picha," nikasema haraka. Mashaka yangu hayalali. "Niliitazama sana nikiwa mdogo."

"Uliiga nini? Ulivyosimama tu dede ulikuwa unasimama hivyo, sanduku hujalijua. Bibi yako alikuwa anatoka nje kwenda kulia. Mguu mbele, na wewe hata ng'ombe hajakukanyaga."

Akacheka tena. Safari hii hakuziba mdomo, na nikaona kile kipande cha picha kilichoungua jikoni.

Jiwe la baba tuliliweka na wenzake, limeandikwa jina na neno koplo, bila picha. Kwenye kundi la ukoo waliuliza, nikajibu kwamba picha iliharibika. Kigae mama alikataa nikirudishe mjini. Amekisimamisha ukutani uani, anasema mtani amzuilie kuku wasile mchele. Nilipita Shanwe pia, nikamweleza mzee wa mbao habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa miwani akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema hata hivyo ile bereti ilivaliwa vibaya.

Baada ya hapo, siku moja mchana wateja walipopungua, niligeuza kibao cha mlangoni. Nikasogeza kamera mpaka mwisho wa chumba ili nitokee mzima hadi miguu, nikaiweka ijipige yenyewe, nikasimama mbele ya kile kitambaa cha bluu. Sikujipanga. Nilisimama ninavyosimama. Nikaitoa nyeusi na nyeupe, ndogo, ukubwa ule ule wa picha ya sandukuni, na Jumapili nikampelekea mama.

Aliipeleka kwenye mwanga wa mlango. Hakusema picha imetoka vizuri, hakuuliza kwa nini nimevaa gauni lile la zamani. Aliitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, akafika usoni, akarudi tena miguuni.

"Ndiye," akasema.

Akaingia ndani. Nikasikia sanduku la bati linafunguliwa, na sauti yake kutoka huko ikaniambia nisiitembeze.